Programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka: uzizuie kwa Task Manager, msconfig, Autoruns au hizi za kusafisha?

Swali ninaloulizwa sana hapa Dodoma na wenye steshenari, wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na watu wa maofisini ni hilohilo kila siku, laptopu inawaka vizuri, desktopu inakuja, picha unaiona, lakini ukibonyeza Word haifunguki, mausi inazunguka tu mpaka unataka uizime uwashe upya. Mara nyingi mashine haijafa wala haihitaji kupigwa Windows upya. Kuna programu kibao zimejipa ruhusa ya kuwaka zenyewe pale tu unapologini, Teams inawaka, Spotify inawaka, ile ya kudaunlodi muvi inawaka, OneDrive inaanza kupandisha mapicha, printa nayo ina kijiprogramu chake, na zote zinagombania diski moja kwa wakati mmoja. Njia za kuzizuia zipo nyingi na karibu zote ni za bure, shida kila fundi ana yake, mmoja atakwambia ingia msconfig (kidirisha cha Windows cha kurekebisha uwakaji), mwingine anakuwekea CCleaner (programu ya kusafisha kompyuta), mwingine anazama kwenye rejistri (pale Windows inapohifadhi setingi zake) anafuta. Hazifanani hizi njia, kila moja inazima kwa namna yake na kila moja ina mahali inapokwama.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mwenye haraka aondoke nao: anza na setingi za programu yenyewe, zikigoma nenda Task Manager, lile dirisha la Windows la kuangalia programu zinazofanya kazi, na Autoruns, zana ya bure ya Microsoft, iweke kwa ajili ya zile sugu au unazozitilia shaka. Msconfig ni ya wenye Windows 7 na ya kuchunguza tatizo. Hizi programu za kusafisha kompyuta mimi siziwekei mtu.

Task Manager unaifungua kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows 10 likija lile dirisha dogo bonyeza More details halafu nenda tabu ya Startup, kwenye Windows 11 iko kushoto imeandikwa Startup apps. Utaona majina, kampuni iliyotengeneza, kama imewashwa au imezimwa, na kuna safu inaitwa Startup impact ambayo wengi wanaipita wakati ndiyo yenye faida kuliko zote. High maana yake hiyo programu wakati wa kuwaka ilitumia prosesa zaidi ya sekunde 1 au ilisoma na kuandika kwenye diski zaidi ya MB 3, Low ni chini ya milisekunde 300 na chini ya KB 300, Medium ndiyo ya katikati. Kwa hiyo usizime kwa kubahatisha majina, bofya kichwa cha hiyo safu zijipange, za High zije pamoja, uanze na hizo. Ukizima tano za Low ukaiacha moja ya High utasema njia haifanyi kazi kumbe umepiga pembeni.

Ninachoipendea zaidi ni jinsi inavyozima. Haifuti kitu. Ule mstari unaoiambia Windows iwashe programu fulani unabaki palepale kwenye rejistri, ila Windows inaandika alama sehemu nyingine inayoitwa StartupApproved kwamba hii mwenye mashine kaikataa. Ukibadili mawazo unabonyeza Enable, yameisha. Halafu kuna programu ambazo kila zikipata apdeti zinajiandika upya ziwake zenyewe, sasa zikijiandika kwa jina lilelile zinaikuta alama ya kukataliwa bado ipo, haziwaki. Kwenye hili Task Manager inaishinda hata Autoruns, na nikifika kwenye Autoruns utaona kwa nini.

Pamoja na hayo Task Manager inakuonyesha jina tu, na jina linaweza kukudanganya. Kuna steshenari moja karibu na soko la Majengo, kazi zao ni kopi, kuprinti na kuchapa barua, flashi za wateja zinaingia na kutoka kutwa nzima. Dada wa pale akaniita, "Kaka hebu njoo uangalie, mafolda ya wateja yote yamegeuka shotikati." Tukafungua Task Manager, kwenye Startup kuna mstari umeandikwa Microsoft Windows Based Script Host, kampuni Microsoft Corporation. Kumbe alishauona zamani ila aliuogopa, "Si ya Microsoft wenyewe hii kaka, nikiizima mashine si itagoma?" Nikabofya kulia kwenye vichwa vya safu, likaja orodha la safu nyingine, nikatia tiki kwenye Command line, ndio tukaona kinachoendelea. Wscript.exe ni ya Microsoft kweli, lakini ilikuwa inatumwa iendeshe faili la .vbs (faili la amri) lililojificha ndani kabisa ya AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka vitu vyake, jina lake herufi za ovyo ovyo tu. Hicho ndicho kilichokuwa kinaficha mafolda ya wateja na kuweka shotikati badala yake. Kwa hiyo hiyo safu ya Command line iweke leo hii, haichukui hata dakika, na ukiona wscript inaita faili lililoko AppData au Temp usiihurumie. Ila ujue kuizima peke yake sio tiba. Ukishaizima restati, halafu kwenye Windows Security endesha Full scan, na ile ya Microsoft Defender Offline ambayo inaskani kabla Windows haijawaka kabisa, na flashi za dukani nazo uziskani, vinginevyo flashi ya kwanza kuingia inakurudisha ulikotoka.

Ukurasa wa Settings, Apps, halafu Startup ni ndugu wa Task Manager, ulikuja kwenye Windows 10 mwaka 2018. Orodha ni karibu ileile na vitufe vyake ni vya kuwasha na kuzima kama vya kwenye simu, ukizima hapa na kule Task Manager inaonekana imezimwa. Mzazi wako au mtu mwenye woga mpeleke huku. Haina Command line tu, kwa hiyo kwa kesi kama ya Majengo haikusaidii.

Setingi za programu yenyewe watu wanazidharau wakati ndiyo njia safi kuliko zote, kwa sababu programu inaacha kujiandika kabisa badala ya wewe kukimbizana nayo. Telegram ya kompyuta ina tiki yake kwenye Settings, Advanced. Spotify ina sehemu ya kuchagua isiwake ukilogini, Teams nayo ina Auto-start, uTorrent iko kwenye Preferences. Kwenye brauza ndio uangalie vizuri zaidi, Chrome ina setingi ya kuendelea kufanya kazi nyuma hata ukishaifunga, iko kwenye Settings upande wa System, na Edge ina kama hiyo pamoja na nyingine inaitwa Startup boost. Hizi hata ukihangaika na Task Manager, brauza ukiifungua mara moja tu halafu ukaifunga inabaki inakula RAM kimyakimya. Kwenye mashine ya GB 4, na maofisini na madukani zimejaa hizo, unaliona hilo papo hapo. Ubaya wa njia hii ni kwamba inabidi uingie programu moja moja, na nyingine hazijaweka hiyo setingi kabisa au zimeificha.

Sasa msconfig. Mafundi wengi wa zamani walijifunzia hapo na hawajaiacha, na kwenye Windows 7 walikuwa sahihi, kulikuwa na tabu ya Startup unatoa tiki unarestati. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ile tabu haina kitu, imebaki na maandishi ya kukupeleka Task Manager, kwa hiyo mtu mwenye Windows 10 au 11 akiambiwa aingie msconfig anazungushwa bure. Bado ina kazi moja nzuri, tabu ya Services, unatia tiki kwanza Hide all Microsoft services halafu unazima zilizobaki ili ujue kama mojawapo ndiyo inayosumbua, ukishampata mbaya wako unazirudisha nyingine. Kinachonitia wasiwasi ni tabu ya Boot iliyo jirani. Mtu akitia tiki Safe boot akidhani ni kitu cha usalama, kila akiwasha mashine inaingia Safe Mode, Wi-Fi hakuna, anakimbilia kwa fundi kulipa hela, na dawa yake ni kurudi palepale kutoa tiki. Na ile ya Number of processors ndani ya Advanced options usiiguse, Windows inatumia prosesa zote bila wewe kuichagulia, hiyo sehemu ni ya kupunguza kwa ajili ya majaribio wala haiongezi spidi hata kidogo. Kama bado uko Windows 7 utumie msconfig kwa sababu ndiyo uliyonayo, ila Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020 na kwa mashine inayogusa flashi za watu hiyo ni hatari kubwa kuliko kuchelewa kuwaka.

Folda ya Startup ndiyo njia kongwe, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, ukikuta shotikati usiyoitaka ifute, na ya watumiaji wote ni shell:common startup. Siku hizi programu chache zinapita huko. Ina faida upande wa pili, kama unataka kitu kiwake chenyewe, mfano faili la Excel la mauzo ya duka, weka shotikati yake hapo.

Kuna wanaoingia regedit, yaani kihariri cha rejistri, wakafuta kwa mkono mistari ya Run inayowasha programu. Inafanya kazi, sikatai, ila ukifuta umefuta, hakuna Enable wala kitufe cha kurudisha, labda kama uliexport (ulihifadhi nakala) kabla. Task Manager inakupa matokeo yaleyale bila hiyo hatari, sioni sababu ya mtu wa kawaida kwenda huko.

Autoruns ndiyo zana kubwa kwenye hii kazi. Ni moja ya zana za Sysinternals, waliitengeneza Mark Russinovich na Bryce Cogswell, na mwaka 2006 Microsoft wakainunua kampuni yao, kwa hiyo leo unaipata bure kutoka kwa Microsoft wenyewe. Ni zip ndogo isiyomaliza bando, unafungua, hakuna kuinstoo, unabofya kulia Autoruns64 unachagua Run as administrator. Ikifunguka utashtuka, mistari ni mingi mno kwa sababu inaonyesha kila mlango ambao kitu kinaweza kupitia ili kiwake: za kulogini, huduma za nyuma, kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler, madraiva, nyongeza za Explorer. Kwa hiyo cha kwanza nenda Options utie tiki Hide Microsoft Entries, orodha inapungua sana na zinabaki za kampuni nyingine, humo ndimo kwa kuangalia. Mstari wa njano maana yake faili linaloitwa halipo tena, mara nyingi ni mabaki ya programu uliyoiondoa zamani. Wa pinki maana yake faili halina saini ya kampuni inayoweza kuthibitishwa, hiyo haimaanishi moja kwa moja ni vairasi maana programu ndogo nyingi halali hazina saini, lakini ukikuta pinki ndani ya AppData na jina hulijui, simama hapo. Kuna sehemu ya Scan Options ukitia tiki VirusTotal, huduma ya mtandaoni ya kukagua mafaili, inalinganisha alama za mafaili na antivairasi nyingi kwa mpigo, inahitaji intaneti, na kila mstari unapata namba yake, ukiona zinazolikataa faili ni nyingi hapo hakuna mjadala tena.

Kuzima kwenye Autoruns ni kutoa tiki, na hakikisha unatoa tiki tu, Delete usiiguse kwa sababu hiyo inafuta moja kwa moja. Ukitoa tiki inauhamisha mstari kwenda sehemu yake inaitwa AutorunsDisabled, ndio maana ukirudi Task Manager huoni tena ile programu na watu wanababaika wakidhani imepotea. Na hapa ndio lile nililosema juu: kwa kuwa mstari umehamishwa, programu ikipata apdeti inaweza kuandika mwingine mpya palepale, na mpya haujazuiwa na mtu. Kwa hiyo kitu ambacho Task Manager inakiona kizimie Task Manager. Autoruns itumie kwa kile ambacho Task Manager haikioni. Usizime kitu kimoja huku na kule, siku ukitaka kukirudisha utazunguka sana. Na madraiva usiyaguse kama hujui ni la nini, hiyo ni sehemu ambayo ukikosea mashine inaweza isiwake.

Hizi za kusafisha kama CCleaner zina ukurasa wa Startup ulio rahisi kutumia, hilo nawapa. Ila zinachofanya pale tayari Windows inakifanya bure, na zenyewe zinataka kuwaka pamoja na mashine ili zikufuatilie, sasa umeongeza ya kwanza kwenye orodha ya unazotaka kuzizima. Mwaka 2017 toleo la CCleaner 5.33 lilitoka kwenye seva za wenyewe likiwa limepachikwa programu ya wadukuzi na watu kama milioni 2.27 walikuwa nalo kabla halijagundulika. Walirekebisha, ila kwangu ilitosha kuonyesha kwamba kila programu yenye ruhusa kubwa unayoiongeza kwenye mashine ni mlango mwingine. Na zile za kwenye flashi zinazogawiwa mtaani zikiwa zimekrakiwa ndio kabisa.

Huduma za nyuma, yaani services.msc, ziguse kidogo sana. Kama kuna huduma ya programu uliyoiweka mwenyewe na hutaki iwake mapema, kuna chaguo zuri la Automatic (Delayed Start), inawaka kama dakika mbili baada ya mashine kuwaka badala ya kugombania na Word yako. Print Spooler iache, steshenari ikiizima haiprinti chochote.

Kuna suala la bando ambalo ukisoma maelekezo ya Wazungu hulikuti. Mwanafunzi wa hosteli UDOM anawasha laptopu, anawasha hotspoti ya simu, na kabla hajafungua hata imeli OneDrive inapandisha, Windows inavuta apdeti, bando la wiki limekwenda. Hapa kuzima Startup ni nusu ya kazi. Nenda Settings, Network, chagua ile hotspoti yako uiweke Metered connection, OneDrive inasimama yenyewe na apdeti nyingi za Windows hazishuki mpaka uruhusu. Halafu siku ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo ruhusu zishuke, usiziache miezi.

Kwa hiyo nani achukue ipi. Mwenye steshenari, Task Manager yenye Command line kila wiki na Autoruns pale shotikati zikianza, huyo ndiye anayezihitaji zote mbili kwa sababu ya flashi za watu. Mwanafunzi, setingi za programu zenyewe na Metered. Wale wa CIVE, koleji ya UDOM, wanaosomea kompyuta wajifunze Autoruns mapema, ni elimu yenyewe ile, utaijua Windows kwa ndani. Mwalimu wa Kongwa au Mpwapwa anayetegemea sola azime zote za High bila huruma, isipokuwa zile za kuacha nitakazozitaja chini, kila dakika ya kusubiri mashine itulie ni chaji inayokwenda. Mtumishi wa Mtumba, kwenye ofisi za serikali, mwenye laptopu ya ofisi, Task Manager inakuruhusu kuzima zile zilizowekwa kwenye akaunti yako, nyingine zitakudai ruhusa ya admini, hizo mpelekee mtu wa TEHAMA, na usimzungukie, maana programu nyingine zipo pale kwa usalama wa taarifa za serikali.

Za kuacha: draiva la sauti kama Realtek, la tachipadi kama Synaptics, na antivairasi yoyote uliyolipia. Ile ya Windows Security notification icon ukiizima unaondoa kialama chake tu, ulinzi unaendelea, lakini mimi naiacha ili mtu aone ikitoa onyo.

Ukimaliza pima kwa Restart, usipime kwa Shut down. Kwenye Windows 10 na 11 kuna Fast Startup, ukizima kwa Shut down sehemu ya Windows inahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ukiwasha, kwa hiyo huoni uwakaji wa kweli. Restart inaanza upya kabisa. Ikishawaka fungua Task Manager uangalie safu ya Disk, ikibaki 100% muda mrefu wakati umeshazima zote za High na skani haijapata kitu, basi hiyo ni ama diski ya kuzunguka imechoka au imezidiwa, na hela uliyotaka kumpa fundi apige Windows upya ielekeze kwenye SSD, diski isiyozunguka yenye kasi zaidi.

Na kila ukiweka programu mpya, hata ya printa, fungua tena ile tabu ya Startup kabla hujafunga mashine, kwa sababu muda huo bado unakumbuka umeweka nini na jina jipya unalijua.